Mbwa Kali Hakuwa Simba

Masomo: Hesabu 22:21–34, Mithali 12:10, 1 Petro 3:7

 

Wapendwa, leo sianzi na Korintho wala Galatia. Naanza na geti langu. Ninyi mnaokaa hapa Elgon View mnayajua mambo ya geti. Ukipita barabara zetu jioni unasoma kibao kimoja nyumba baada ya nyumba: Mbwa Kali. Hata mimi ninacho. Siku moja mke wangu alikitazama kile kibao, akaniambia pole pole, "Baba, wakati mwingine naona kama hiki kibao hakikuandikiwa Simba." Nilicheka. Nilidhani ni mzaha. Ilinibidi niendeshe gari zaidi ya kilomita 500 ndipo nijue hakuwa anatania.

Mnakumbuka mwezi wa pili wazee wa kanisa walinipa ruhusa ya wiki mbili. Kitinda mimba wetu alikuwa ameenda chuo, nyumba imebaki kimya. Tulikuwa na nisani kuukuu iliyowahi kuwa matatu. Fundi akatoa viti vya nyuma, akatengeneza kitanda cha mbao, tukaweka godoro, meko ya gesi na mtungi wa maji wenye mfereji. Tukasema tunaenda kuona bahari, tukilala humo humo. Mbwa hawakuwa na mtu wa kuwaachia, kwa hivyo Simba na Tommy wakaingia nyuma, na kadi zao za chanjo ya kichaa cha mbwa zikaingia kwa dashibodi.

Tukatoka Eldoret alfajiri. Burnt Forest, kisha Timboroa na ukungu wake, pale reli ya zamani inapita juu ya mita 2,700. Salgaa tukapita tukinena kwa lugha, kama kawaida. Usiku wa kwanza tukalala Naivasha. Siku ya pili tukapita Nairobi, tukashuka Emali, Kibwezi, joto likiongezeka kila tukishuka. Mbwa wa huku kwetu wamezoea baridi. Gari lililofungwa kwenye jua la chini kule linaweza kumuua mbwa kwa muda mfupi sana. Kwa hivyo kila saa nilisimama. "Simba, kuja unywe maji. Tommy, pole mwanangu, tumekaribia." Mithali 12:10 inasema mtu mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Nikajiona mtu mwenye haki kabisa.

Jioni tukafika Mtito Andei, ule mji ulio karibu katikati ya Nairobi na Mombasa, malori yamejaa kila upande. Asubuhi hiyo Tommy alikuwa ametafuna kiatu changu kipya. Nilicheka, nikasema, bado ni mtoto. Sasa nikafungua mlango wa nyuma nikakuta maji yamemwagika hadi kwa godoro. Mke wangu alikuwa hajafunga mfereji vizuri. Wapendwa, nilihubiri. Nilihubiri nusu saa bila maikrofoni. Nilianza na mfereji, nikafika kwa mambo ya mwaka 2009.

Nilipomaliza nikaita mbwa tutembee. Tommy akaja. Simba akakataa. Alikuwa amelala juu ya miguu ya mke wangu. Nikaita mara ya pili, akaniangalia tu. Mara ya tatu nikainua ile kamba ya kumfungia. Nikiwa nimeinua mkono hivyo ndipo nikamwona mke wangu. Alikuwa analia bila sauti. Na nikajua hakuwa ameanza kulia siku hiyo.

Mnamjua Balaamu. Alikuwa mtu wa maono, wafalme walikuwa wanamtafuta. Lakini malaika aliposimama njiani na upanga, mwenye maono hakuona kitu. Punda aliona. Balaamu akampiga mara tatu yule aliyekuwa anamwokoa. Mwambie jirani yako: unaweza kuwa na upako na usione. Mimi nilikuwa mtumishi ndani ya lile gari, na aliyeona machozi ni mbwa.

Mke wangu akasema maneno ambayo sitayasahau. "Tangu Eldoret umemwambia Tommy pole mara ngapi? Na mimi umeniambia mara ngapi?" Nikanyamaza. Akaendelea, "Na kuna kitu nimekuficha. Kijana wetu hunipigia simu kila Jumatano, ukiwa kanisani kwa maombi ya mchana. Ameniomba nisikuambie. Anaogopa sauti yako. Hata mimi naiogopa."

Kanisa, mnamjua kijana huyo. Nimesimama hapa mbele mara nyingi nikiomba mniombee, kwamba kifungua mimba wangu aliondoka nyumbani kwa hasira na miezi 14 sijasikia sauti yake. Mmefunga pamoja nami. Mmekesha. Nami nilikemea roho ya kutangatanga, nikakemea madhabahu za ukoo, nikakemea kila kitu isipokuwa ulimi wangu. Kijana alikuwa umbali wa simu moja, na kilichoziba njia ni mimi.

Petro anatuonya sisi waume waziwazi: tukikaa na wake zetu bila kuwaelewa na kuwapa heshima, maombi yetu yanazuiliwa. Hasemi mchawi ndiye anayazuia. Anasema ni vile unavyokaa na mke wako. Nilikuwa nimehubiri mstari huo kwa harusi zisizo na idadi. Mtito Andei ulinihubiri mimi.

Sasa mtadhani nilitubu papo hapo. La. Nililala kwa kiti cha mbele nikiwa nimekasirika kwamba nimefichwa. Asubuhi tukaendesha hadi Voi, kimya. Barabara ile inapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, na ndani ya mbuga hawaruhusu mbwa, kwa hivyo hata kusimama kutazama hatukusimama. Tukaingia Mombasa, tukavuka kisiwa na daraja la Nyali. Pale Kengeleni ipo kengele ya Freretown, kijiji ambacho wamishonari walikianzisha miaka ya 1870 kwa watu walioachiliwa kutoka utumwani. Ilipigwa kuwaonya watu hatari ikija. Nikawaza, nyumba yangu pia ilikuwa na kengele, na imelia miaka mingi.

Tulitaka kuona mahali Krapf anapokumbukwa, kule Nyali karibu na maji. Lakini huwezi kuacha mbwa ndani ya gari kwa joto lile, kwa hivyo tukaenda kwa zamu. Mke wangu alitangulia, mimi nikabaki na mbwa chini ya mti. Akarudi, akachukua kamba mkononi mwangu, akasema, "Enda usome." Hayo tu.

Johann Ludwig Krapf sisi tunamjua kwa kazi. Alianza kukaa Mombasa mwaka 1844. Alijifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri Maandiko. Mwaka 1846 yeye na Rebmann wakaanzisha kituo cha Rabai. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapwa 1882, yeye akiwa tayari amelala. Lakini kabla ya Rabai, kabla ya kamusi, kuna kaburi. Mke wake Rosine alikufa kwa homa Julai ile ile ya 1844, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf aliendelea na kazi bila wao.

Nilisimama pale jua likinichoma. Nikajiuliza, yule mtumishi angetoa nini apate jioni moja zaidi ya kuongea na Rosine? Na mimi wangu yuko hai. Yuko hapo chini ya mti ameshika mbwa wawili, na tangu Mtito Andei sijamwambia hata neno.

Nikarudi chini ya mti. Sikusema, "Kama nimekukosea, nisamehe." Hiyo "kama" ni mlango wa kutorokea. Nilitaja. Nikasema, nisamehe kwa maneno ya jana. Nisamehe kwa siku niliyokukatiza mbele ya wageni. Nisamehe kwa kumfukuza kijana wetu kwa mdomo, kisha nikakuacha ubebe siri peke yako. Hakunikumbatia kama kwa sinema. Alisema, "Nimesikia, Baba. Nitaona." Nikakubali. Aliyeumizwa ndiye anayejua kidonda kitapona lini.

Tukavuka feri ya Likoni, tukalala siku chache kambini Tiwi. Tulitembeza mbwa alfajiri, mchanga ukiwa bado baridi na maji yamekupwa. Tuliwafunga kamba wakati wote, na tukiona watu wanatoka msikitini tunawapisha, maana pwani wengi hawataki mbwa awaguse, na Paulo alisema si kila kitu tulicho na ruhusa nacho kinamjenga mwenzetu. Huko ufuoni tuliongea. Miaka 31 ya ndoa, na kulikuwa na mambo nilikuwa sijawahi kumuuliza.

Jumatano simu ikalia. Mke wangu akamweleza kijana, akamuuliza kama yuko tayari, kisha akanipa. Nikasema, "Ni baba. Sitaki kukukemea. Nilikukosea, na nataka nikuombe msamaha." Kimya. Nikasikia mawimbi tu. Kisha akauliza, "Simba yuko?" Nikasema yuko. "Msalimie." Akakata.

Ndugu yangu, hiyo ndiyo salamu niliyopata baada ya miezi 14, na haikuwa yangu, ilikuwa ya mbwa. Lakini niliipokea kwa machozi na nikaifikisha kwa mwenyewe. Tangu hapo amepiga mara tatu. Bado hajaja nyumbani. Sitawaambia ushuhuda umekamilika wakati haujakamilika.

Mambo matatu nakuachia.

La kwanza: Mungu anasikia sauti unayotumia ukishafunga geti. Ile ya madhabahuni haimdanganyi. Kama mbwa, wateja na wazee wa kanisa wanapata upole wako, na wa nyumbani anapata mabaki, jua kwamba huo upole unao, ila unachagua wa kumpa.

La pili: ombi likikwama, anza kukagua nyumbani. Yesu alisema katika Mathayo 5 kwamba ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, sadaka ingoje, uende kwanza mpatane. Mfungo hauwezi kufanya kazi ya msamaha.

La tatu: toba ina majina. Taja ulichofanya, kisha umpe mwenzako muda.

Na niseme hili, lisije likaeleweka vibaya. Kama kwenu kuna mkono unaoinuliwa, kama unapigwa, sikwambii uvumilie ukingoje mbwa aone. Toka uende mahali salama, uje useme. Hakuna mzee wa kanisa hili atakayekurudisha kwenye kipigo.

Tuliporudi Elgon View, nilishuka kufungua geti, nikakisoma tena kile kibao. Mke wangu akaniuliza kutoka ndani ya gari, "Tukitoe?" Nikamwambia tukiache, kinisaidie kukumbuka. Akacheka, na kicheko hicho nilikuwa sijakisikia siku nyingi.

Tuombe. Bwana, tusamehe sisi tunaokuita kwa sauti kubwa na kuwaumiza wa kwetu kwa sauti hiyo hiyo. Fungua macho yetu kama ulivyomfungua Balaamu. Warudishe watoto walio mbali, na utufanye watu wanaoweza kurudiwa. Kwa jina la Yesu. Amina.

Zoezi la wiki kwa vikundi vya nyumbani: Soma Hesabu 22:21–34. Ni nani nyumbani kwako ameona jambo ambalo wewe hujaona? Kabla ya Jumapili, muulize mtu mmoja wa nyumbani kwako, "Sauti yangu hukufanya ujisikie vipi?" Kisha nyamaza hadi amalize.