Namba Ikistaafu, Nani Amestahili?



Sisi tuliokulia kwenye kandanda tulichelewa kuuelewa mchezo wa besiboli wa hapa Marekani. Lakini desturi yake moja ilitugusa mapema: mchezaji akiheshimiwa sana, namba ya jezi yake hustaafishwa, asipewe mwingine tena katika timu ile. Je, nani anastahili?

Wapo wanaojibu kwa takwimu za uwanjani. Tatizo ni kwamba mahodari ni wengi. New York Yankees wamestaafisha namba zaidi ya 20, na ilipoondoka namba 2 ya Derek Jeter mwaka 2017, haikubaki hata moja kati ya 1 na 9. Heshima ikigawiwa kama pilau ya harusi, wote hushiba, kisha husahau.

Kwa maoni yetu, hodari ana vikombe vyake. Namba imstaafie aliyetoa kitu ambacho mchezo haukuwa na haki ya kumdai. Roberto Clemente wa Pittsburgh Pirates alifikisha mapigo 3,000, lakini namba yake 21 inatugusa kwa sababu nyingine. Tarehe 31 Desemba 1972 alikufa katika ajali ya ndege, akiwapelekea misaada walioathirika na tetemeko la ardhi huko Nicaragua.

Naye Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947, mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu za karne ya 20. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Yeye alicheza kwao, katika nchi aliyozaliwa, akatukanwa kama mvamizi. Mwaka 1997 namba yake 42 ilistaafishwa katika timu zote.

Mtu wa kwetu atauliza: mbona sisi babu akifa humpa mjukuu jina lake? Jina hudumu kwa kuitwa. Kuifungia namba kabatini si kuizika? Hoja hiyo ina uzito. Lakini tangu 2009, kila tarehe 15 Aprili, wachezaji wote huvaa 42. Namba huzuiliwa mwaka mzima ili siku moja iwe ya wote.

Basi hicho ndicho kipimo chetu: namba istaafu pale ambapo kila atakayeivaa atajiona ana deni. Watoto wetu waliozaliwa hapa bado huulizwa kwao ni wapi. Aprili ikifika, tuwaonyeshe namba hiyo, tuwaeleze ilikuwa ya nani.