Kikombe Kinarudi Rafu Gani?

Kupika kahawa ya filta nyumbani, ile ya Watamil wa kusini mwa India, si kazi ngumu. Filta yenyewe ni mikebe miwili ya stili au shaba, mmoja unakaa juu ya mwingine, na ule wa juu una vitundu vidogo kwenye kitako. Unatia kahawa iliyosagwa, mara nyingi ikiwa imechanganywa na chikori, yaani mzizi uliokaangwa ukasagwa. Unaishindilia kidogo, unamimina maji ya moto, unafunika, halafu unaachana nayo. Ukishindilia sana, maji yanakwama. Ukiiacha legelege, yanapita mbio na unabaki na maji ya rangi tu. Baada ya dakika 20 hivi, mkebe wa chini una kahawa nyeusi, nzito, ya kuchanganya na maziwa yaliyochemka na sukari.

Ugumu uko kwenye kikombe. Kahawa hii hunywewa kwa bilauri ndogo ya stili inayokaa ndani ya kibakuli kiitwacho dabara. Unaimimina huku na huku, kutoka juu, mpaka ipoe kiasi na ifanye povu. Sasa tazama ukingo wa bilauri: umekunjwa kwa nje. Unakusaidia kushika chuma cha moto, sawa. Lakini pia unakuwezesha kujimiminia kahawa mdomoni bila midomo kugusa chombo. Na hiyo ndiyo iliyokuwa desturi katika nyumba nyingi za Wabrahmini, kwa sababu mate yalihesabiwa kuwa unajisi.

Mtu atasema, shida iko wapi? Huo si usafi tu? Wakati wa korona tungeupigia makofi. Ni hoja nzuri, na haifai kupuuzwa. Ila wazo hilo la unajisi halikuishia kwenye mate. Katika vibanda vingi vya chai vijijini Tamil Nadu, Wadalit, watu waliowekwa chini kabisa katika mfumo wa matabaka, walitengewa bilauri zao. Walikunywa wakiwa nje, wakaosha wenyewe, wakarudisha mahali pa peke yake. Katiba ya India ilipiga marufuku ubaguzi huo mwaka wa 1950, lakini bilauri mbili ziliendelea kuwepo miaka mingi baadaye. Mjini Madras, ambao leo ni Chennai, mikahawa ilijitangaza kwa vibao kuwa ni ya Wabrahmini. Mwaka wa 1957 E. V. Ramasamy, anayejulikana zaidi kama Periyar, na wafuasi wake waliandamana kutaka neno hilo lifutwe kwenye kibao cha mkahawa mmoja.

Kinachoshangaza ni kwamba kinywaji chenyewe kimepita mikono ya kila aina. Masimulizi ya huko yanasema mbegu saba za kwanza zililetwa kutoka Mocha, Yemen, na sufi Mwislamu aitwaye Baba Budan. Aliyeileta kahawa, basi, pengine asingekaribishwa kuinywa ndani.

Je, unaweza kuchukua desturi ukaacha sababu yake? Nadhani unaweza, lakini kwanza uijue hiyo sababu. Asiyeijua atairudia bila kujua anarudia nini. Na kuna kipimo rahisi cha kutenganisha usafi na dharau: sabuni. Kama sabuni na maji vinatosha kukirudisha kikombe kwenye rafu ya wote, huo ni usafi, na unamhusu kila mtu, mwenye nyumba akiwemo. Kama kikombe kimeoshwa kikang'aa na bado kina rafu yake, basi tatizo halikuwa uchafu. Mtu ndiye aliyehesabiwa uchafu.

Usiharakishe kuwahukumu Watamil, tafadhali. Hapa Nairobi hatuna matabaka ya kuzaliwa nayo, tunasema. Lakini kuna nyumba ambamo mama fua ana kikombe chake, kile kilichokatika mkono. Soja wa geti ana sahani yake ya plastiki, na dada wa kazi anakula jikoni wageni wakija. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, na ukiuliza utaambiwa, "Aah, ni vile tu tumezoea." Kwenye vibanda vya Tamil Nadu nako, huenda wengi wangejibu vivyo hivyo.

Kwa hivyo jifunze kuipika. Shindilia kidogo, usiharakishe maji, mimina kutoka juu upate povu. Ni kahawa tamu na haina kosa. Ila hesabu bilauri kulingana na watu walio nyumbani siku hiyo, pamoja na anayefua, na zote zitoke kwenye rafu moja. Zikishaoshwa, zirudi hapo hapo.