Deni la Mwenye Kutengeneza

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli yao Graf von Goetzen, pale Mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika, kusini ya Kigoma, isije ikatwaliwa na adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Tendo lile lilikuwa la uharibifu, lakini ndani yake mliachwa njia ya kurudia. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarejea kazini kwa jina la Liemba.

Grisi ile yastahili kufikiriwa na kila abadilishaye kitu wanachokitegemea wengine. Miongoni mwao wamo mafundi wa kile kiini cha kompyuta kiitwacho kerneli, kisimamacho baina ya programu na mashine. Mwuza dagaa wa Ujiji akiweka daftari lake la madeni katika kompyuta, kerneli ndiyo ipelekayo maandishi yake diskini. Yeye haioni, wala si lazima aijue; huiamini kama abiria aiaminivyo sakafu ya meli.

Katika kerneli ya Linux iko kanuni ambayo mwanzilishi wake, Linus Torvalds, ameishikilia kwa ukali: kilichokuwa kikifanya kazi jana kisivunjwe na mabadiliko ya leo. Kikivunjika, mabadiliko ndiyo yenye kosa, hata yakiwa mema. Kanuni hiyo ilijaribiwa mwisho wa Novemba 2023. Katika toleo la 6.1.64 liliingizwa rekebisho la mfumo wa faili wa ext4, lililokusudiwa kuhakikisha kwamba urefu wa faili unahifadhiwa barabara baada ya programu kuandika moja kwa moja diskini. Katika matoleo mapya zaidi rekebisho hilo lilikuwa na mwenzake lililotangulia, nalo lilimtegemea. Katika tawi la 6.1 lilifika peke yake. Basi hesabu ya mahali pa kuendelea kuandika ndani ya faili ikaweza kukosewa, na dawa ya kulinda maandishi ikawa ndiyo inayoyaharibu.

Nani alaumiwe? Aliyeitunga dawa aliitunga sawa. Aliyeichukua kwenda tawi la zamani alitaka wa kule nao wapone. Ni vigumu kumpata mwovu hapa, na pengine kumtafuta ni kupoteza wakati, kwani lawama hutazama nyuma, hali wajibu humkabili yeyote awezaye kuuzuia uharibifu usiendelee.

Wapo wasemao kwamba kuyatangua mabadiliko ni woga: fundi hodari hutafuta kiungo kilichopungua akakitia. Hoja yao si ya kupuuzwa, maana dawa ikiondolewa maradhi ya kwanza hurudi. Lakini wamesahau namna maradhi haya ya pili yanavyotenda kazi. Meli ikizama, mji mzima huona. Faili hufisidika kimya. Mwenyewe hunakili nakala ya akiba juu ya ile iliyo njema, na siku aifunguapo hana tena ya kulinganishia. Kasoro ya zamani watu walikwisha ishi nayo. Kumwacha mtu asiyejua lolote abebe hasara mpya kila saa, ili fundi apate nafasi ya kuonyesha ufundi wake, ni dhuluma, japo haina hila ndani yake.

Mafundi walichukua hatua. Mapema Desemba toleo la 6.1.66 liliondoa kasoro ile. Jumuiya ya Debian, iliyokuwa ikitoa toleo lake la 12.3 tarehe 9 Desemba, iliwasihi watu wasiweke mabadiliko yale katika mashine zao, na kesho yake ikatoa 12.4 yenye kerneli nyingine. Faili zilizokuwa zimekwisha haribika hazikuponywa na hatua hiyo. Kila mwenye mashine aliachiwa kuzitafuta zake mwenyewe, moja moja.