Musumba, mji mkuu uliohama na wafalme wake

Sandoa uko kando ya mto Lulua, upande wa magharibi wa mkoa wa Lualaba nchini Kongo, mbali na machimbo ya shaba ya Kolwezi na mbali na reli. Reli ya Benguela, iliyokamilika 1931, ilipita kusini, kwa Kasaji na Dilolo, ikauacha. Ni mji wa ofisi: uliwafaa Wabelgiji kutawala, na mpaka leo ni makao makuu ya wilaya. Msimamizi akihamishwa, mwingine anakalia kiti kilekile, anafungua mafaili yaleyale. Hakuna anayeshangaa, kwa kuwa wengi wanaamini mji mkuu ndivyo ulivyo: mahali hapahami, watu ndio wanaopishana.

Zaidi ya kilomita 100 kaskazini, karibu na Kapanga, uko mji mkuu uliosimama juu ya wazo la kinyume. Musumba, mji wa Mwant Yav, mfalme wa Walunda, kwa vizazi vingi haukuwa na kiwanja cha kudumu. Mfalme akifa, mrithi wake alijenga Musumba wake, katika nchi ileile ya mto Kalanyi, na ule wa zamani ukaachwa uote nyasi. Wanafalsafa wa Ugiriki walisumbuliwa na merikebu iliyobadilishwa mbao moja moja hadi zikaisha zote za mwanzo. Walunda walikuwa na kisa kigumu zaidi. Kiwanja kipya, nyumba mpya, mfalme mpya: kwa haki gani mtu aseme ni mji uleule?

Isidhaniwe hii ilikuwa kambi ya wawindaji. Pedro João Baptista na Amaro José, wachuuzi waliotembea kutoka Angola hadi Tete wakafika 1811, walipita kwenye baraza la Mwant Yav. Mreno Joaquim Rodrigues Graça alifika miaka ya 1840, Mjerumani Paul Pogge 1875, kisha Max Buchner miaka michache baadaye. Wageni waliukuta mji wenye boma la udongo na handaki kavu, njia zilizonyooka, viwanja vya mikutano, na makao ya mfalme yenye ua ndani ya ua. Usafi wake uliwashangaza. Ramani yake ilikuwa umbo la kobe, lenye kichwa, mkia na mbavu mbili, na kila mwenye cheo alijua sehemu yake. Mji ulipohamia porini kusiko na hata kibanda, hakuna aliyehitaji kuuliza ajenge wapi. Ramani ilikuwa vichwani mwao.

Jibu la Walunda, basi, ni kwamba kinachodumu ni cheo. Masimulizi yao yanaanza na Ruwej, binti wa Nkond, aliyepewa na baba yake lukano, bangili ya mishipa ya binadamu iliyo alama ya utawala. Akaolewa na Chibind Ilunga, mwindaji kutoka Uluba, na alipojitenga siku za hedhi akamvika mumewe bangili ile. Ndugu zake Kinguri na Chinyam wakakasirika wakaondoka magharibi na kusini. Anayevikwa lukano hamrithi tu mtangulizi wake. Anakuwa yeye, na jina lake, ndugu zake na madeni yake. Ndiyo maana Kazembe, mtawala wa Walunda wa Luapula, ambaye leo makao yake ni Mwansabombwe nchini Zambia, bado ni mtoto wa Mwant Yav, ingawa waliokuwa baba na mwana wa kwanza walikufa zamani za kale. Ian Cunnison, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Luapula karibu na 1950, aliwasikia wenye vyeo wakisema "mimi" walipoeleza vita na safari za watu waliokufa vizazi vingi nyuma.

Ni jibu zuri, lakini lina gharama, na wanaolisifu huisahau. Lukokesha, mama wa mfalme kwa cheo, alikuwa na baraza lake mwenyewe, lakini hakuruhusiwa kuwa na mtoto: mama wa taifa zima, asiwe mama wa mtu. Tena cheo kisichokufa huwaua wanaokitaka. Miaka ya 1870 na 1880 wana wa mfalme walipinduana mfululizo, wakawaita majirani zao Wachokwe wawasaidie kwa bunduki, na Wachokwe wakabaki. Mreno Henrique de Carvalho alifika 1887 akakuta ufalme unasambaratika. Muda mfupi baadaye Musumba ukaangukia mikononi mwa Wachokwe.

Mji wa mawe ungeishia hapo. Mwishoni mwa karne ile Mushid na ndugu yake Kawel waliwafukuza Wachokwe, na cheo kikapata mtu, na mtu akapata mji. Baadaye wamishonari wa Kimethodisti, akiwemo daktari Arthur Piper aliyeanza kazi Kapanga 1914, walihubiri kwamba kila mtu ana roho yake na atajibu peke yake mbele ya Mungu. Anayebatizwa hupewa jina liwe lake. Anayevikwa lukano huliacha lake. Walunda wengi wanaishi na mafundisho yote mawili, na si lazima waambiwe wachague. Chini ya Wabelgiji Musumba ulitulia karibu na Kapanga, na haujahama tena.

Kuna mtoto mmoja wa Musumba anayefaa kuwekwa kwenye mizani hii. Moïse Tshombe alizaliwa huko 1919, akamuoa binti wa Mwant Yav. Tarehe 11 Julai 1960 alitangaza jimbo la Katanga kuwa nchi huru. Ilikuwa na mji mkuu wa matofali, Élisabethville, na bendera, jeshi na fedha yake. Kufikia Januari 1963 ilikuwa imekwisha. Tshombe alifia Algeria 1969 na kuzikwa Ubelgiji. Hakuna aliyekirithi cheo chake cha urais. Mwant Yav yupo Musumba.