Kuanguka na Kuangushwa

Kushindwa humkuza mtu pale tu anapopewa nafasi ya kujaribu tena. Sharti hilo wahubiri wengi wa mafanikio hulipita haraka. Petro alimkana Yesu mara tatu. Katika Injili ya Yohana anaulizwa mara tatu kama anampenda, kisha anakabidhiwa kondoo. Baada ya vita vya Uhud, mwaka 625, ambapo wapiga mishale Waislamu waliacha kituo chao, sura ya Aal Imran katika Kurani inamwagiza Mtume Muhammad awasamehe na ashauriane nao. Kosa halifichwi, wala mkosaji hafukuzwi.

Dzaleka, kambi ya wakimbizi wilayani Dowa nchini Malawi, kaskazini mwa Lilongwe, inalitia fundisho hili kwenye mizani. Ilifunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza la utawala wa Rais Kamuzu Banda. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi kambini. Mwenye duka aliyefungiwa Lilongwe hakukosea hesabu. Kumwambia ajifunze kutokana na kushindwa kwake ni kumtwika lawama isiyo yake. Aliyekopesha bila kuandika kwenye daftari, huyo ana cha kusahihisha.

Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa kambini mwaka 2014 na mshairi Menes la Plume, mkimbizi kutoka Kongo, halikuondoa vizuizi vya sheria. Limewapa wasanii jukwaa la kukosea na kurudia mbele ya watu.