Mzinga na Kijiji

"Fuata nyuki ule asali," walinena wahenga, na tangu hapo nyuki amekuwa mwalimu wa wanadamu waliokosa umoja. Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kibondo na Kasulu, mwalimu huyo hakai mbali na wanafunzi wake. Waha hutundika mizinga ya magogo na ya magome juu ya miti ya miyombo, wakangoja kundi liingie lenyewe, kisha wakapanda na moshi kurina asali. Ndani ya mzinga mna mji kamili: malkia mmoja anayezaa, maelfu ya watendakazi wa kike wasioolewa wala kulea watoto wao, na madume wachache. Mtendakazi akimchoma mtu, mwiba hubaki katika ngozi ya adui, naye mwenyewe hufa. Je, kufa huko ni wema?

Charles Darwin aliliona fumbo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1859: mdudu asiyezaa humrithisha nani hulka yake ya kujitolea? Mwaka 1964 Mwingereza William Hamilton alitoa ufafanuzi uliokubalika na wengi. Kiumbe hurithiwa si kwa wanawe pekee, bali pia kwa ndugu zake, kwani damu yake imo ndani yao. Amsaidiaye ndugu hujisaidia kwa mlango wa nyuma. Lakini udugu peke yake hautoshi. Sharti pawepo na makao yenye thamani, magumu kujengwa na hatari kuachwa. Ndivyo waishivyo mchwa katika vichuguu vyao. Ndivyo aishivyo hata fuko asiye na manyoya wa nchi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, ambaye Jennifer Jarvis alithibitisha mwaka 1981 kwamba katika kundi lake huzaa jike mmoja tu, na wengine huchimba na kulinda. Ardhi ngumu na viazi pori vilivyotawanyika humwadhibu aondokaye peke yake.

Na afikiriwe basi kiumbe wa sayari ya mbali, mwenye akili ya mtu na maumbile ya nyuki. Maadili yake yangekuwaje? Darwin alijibu mwaka 1871: lau watu wangelelewa katika hali zile zile za nyuki, wanawake wasioolewa wangeona ni wajibu mtakatifu kuwaua kaka zao, na hakuna ambaye angefikiria kuingilia kati. Dhamiri, kwa maana hiyo, hufuata malezi ya maumbile. Ila akili ina tabia moja isiyozoeleka mzingani: huuliza, "Kwa nini mimi?" Siku kiumbe yule atakapouliza hivyo, kujitolea kwake kutagawanyika njia mbili. Ama atakubali kwa hiari, na hapo ndipo wema uzaliwapo. Ama atalazimishwa, na hapo patahitajika mlinzi. Hata nyuki wana walinzi wao: mtendakazi akitaga yai lake kwa siri, dada zake hulitafuta na kulila.

Kigoma iliujua mgawanyiko huo bila kungoja viumbe wa sayari nyingine. Mwaka 1962 Julius Nyerere alichagua neno ujamaa, lenye mzizi wake katika jamaa, akitaka udugu wa ukoo upanuliwe ulifikie taifa zima. Hilo ni jambo ambalo maumbile hayajamfanyia nyuki wa mzingani, na ndiyo maana lilihitaji imani. Mwaka 1968 yeye mwenyewe aliandika kwamba hakuna awezaye kulazimishwa kuingia katika kijiji cha ujamaa. Hata hivyo, mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, na Waha waliozoea kukaa kila kaya na shamba lake wakahamishiwa vijijini. Novemba 1973 kukaa vijijini kukatangazwa kuwa amri kwa nchi nzima. Nia haikuwa mbaya: shule, zahanati na maji vingeweza kufika mahali watu walipokusanyika, na kwingi vilifika. Lakini mtu aliyehamishwa kwa amri hakuwa ametoa kitu. Alikuwa amechukuliwa kitu. Kilichokusanywa kilikuwa nyumba, si mioyo.

Huenda kosa lilianzia katika kumsoma nyuki nusu nusu. Watu humtaja kwa utii, na humdhania malkia kuwa mtawala. Malkia huzaa, hatawali. Kundi linapotaka makao mapya, wapelelezi hutoka kukagua mapango na matundu ya miti, hurudi wakacheza ngoma ya kueleza walichokiona, na wengine huenda kuhakikisha kabla ya kukubali. Na nyuki wa Afrika, kuliko wenzake wa Ulaya, huhama upesi: njaa ikizidi, siafu wakivamia, au moshi ukikithiri, huuacha mzinga na masega yake.

Mrina asali wa Kasulu hulijua hilo bila kulisoma kitabuni. Hutafuta mti wenye kivuli, husafisha mzinga wake, huupaka nta ili unukie, akautundika, akashuka. Kazi iliyobaki si yake. Awezaye kumwandalia nyuki makao ni wengi. Wa kumwamuru aingie hajazaliwa. Na ikiwa mdudu asiyeuliza maswali huachiwa hiari ya mlango, mwanadamu anayeuliza anastahili zaidi.