Haki ya Jirani Wakati wa Giza

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni Zake, na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, Aali zake na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo: amani ni katika neema kubwa kabisa. Katika Suratu Quraysh imetajwa pamoja na chakula, kwani mwenye kushiba huku akiogopa kulala hajatimiziwa neema.

Katika Suratul Falaq muumini amefundishwa kujikinga kwa Mola wake na shari ya usiku uingiapo. Naye Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir bin Abdillah (R.A.), aliagiza watoto wazuiwe ndani jua linapokuchwa, na milango ifungwe kwa kutajwa jina la Mwenyezi Mungu. Basi kufunga mlango si woga wala si upungufu wa tawakkul. Yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake na kutegemea, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Maneno haya yanazihusu sana familia za Ghuba zenye watoto au jamaa Uingereza. Maskati katika Desemba jua huchwa baada ya saa kumi na moja jioni. London huchwa kabla ya saa kumi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma, na ghafla mtoto hurudi skuli gizani. Nyumba isiyo na taa humtangazia kila mpita njia kwamba wenyewe hawapo. Basi iachwe taa moja ikiwaka, madirisha yafungwe kwa kufuli, funguo zisiwekwe karibu na mlango, na anayesafiri kwenda Umra au kuzuru jamaa amwombe jirani mwaminifu amwondolee barua mlangoni.

Hili la majirani kulindana si geni nchini humo. Mwaka 1982 wakaazi wa kijiji cha Mollington, Cheshire, waliuanza mpango wa kulindana, ukaenea nchi nzima. Muislamu ndiye aliye bora zaidi kuliitika jambo hilo, kwa kuwa limo katika kusaidiana kwa wema na uchamungu.

Na jirani si Muislamu peke yake. Abdullah bin Amr (R.A.), alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Yahudi amekwisha kupelekewa. Basi bibi kizee aishiye peke yake mlango wa pili, hata akiwa si wa dini moja, ana haki ya kubishiwa hodi na kujuliwa hali usiku wa baridi.

Lakini ulinzi usigeuke kuwa dhana mbaya na upelelezi, mambo yaliyokatazwa katika Suratul Hujurat. Anayejaribu vitasa vya milango nyumba hata nyumba ameonyesha kitendo, na kuwaarifu polisi ni wajibu. Ama apitaye njia tu, akashukiwa kwa rangi yake au vazi lake, huyo amedhulumiwa. Wageni, ambao wenyewe hutazamwa kwa jicho hilo, ndio wanaoyajua zaidi machungu yake.

Lililo zito zaidi limo ndani ya nyumba. Mtume (S.A.W.) aliapa mara tatu kumkanushia imani mtu ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Mama aonaye chumbani mwa mwanawe saa au simu asiyoijua ilikotoka, akanyamaza kwa kuchelea aibu, hakumhifadhi mtoto. Amemfungulia mlango wa maangamizi. Alipoombewa mwanamke wa Bani Makhzum aliyeiba, Mtume (S.A.W.) alibainisha kuwa hata binti yake Fatima asingelipata upendeleo. Na toba ya mwizi haitimii mpaka mali irudi kwa mwenyewe.

Hiyo ndiyo njia waliyoishika Maimamu. Talibul Haqq Abdullah bin Yahya alipoingia Sanaa mwaka 129 wa Hijra, aliigawa hazina aliyoikuta kwa mafakiri wa mji, asijichukulie kitu. Aliyetukuza mali ya watu hivyo akiwa mshindi mwenye upanga, ni hoja juu ya anayeidharau akiwa jirani.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba za Waislamu na za majirani zao, na awajaalie vijana wao wawe amani kwa kila mtaa waishimo. Amin.